UZI: Kurusha helikopta ya rimoti ndani ya nyumba bila kuvunja kitu wala kuumiza jicho

Fundi_Kijenge (Arusha)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa zile helikopta ndogo za kurushia ndani: zina seti mbili za mapanga, moja juu ya nyingine, fimbo yenye vizito viwili juu kabisa, na kipangaboi kidogo mkiani kinachotazama juu. Inayojulikana zaidi ni Syma S107G, na zilizoigwa kutoka kwake ni nyingi madukani. Maelezo haya yanazifaa karibu zote.

Kabla ya yote, jambo moja. Panga likigusa kitu chochote, shusha kijiti cha kushoto cha rimoti (ndicho kinachoipandisha na kuishusha) mpaka chini papo hapo, hata kama helikopta iko hewani. Kuanguka kutoka mita moja hakuiui helikopta ya gramu 40 hivi. Kinachoiua ni mota kuendelea kusukuma wakati mapanga yamenasa kwenye pazia au mguu wa kiti. Mota iliyozuiwa isizunguke huvuta umeme mwingi kuliko wakati wowote mwingine, waya zake za ndani huchemka, na meno ya gia za plastiki husagika. Anayeanza akiona helikopta inaanguka, mkono wake huongeza moto ili kuiokoa. Mkono huo ndio wa kufundishwa kwanza. Kabla hata ya kuiwasha, shika rimoti, mwenzako aseme "kata", nawe ushushe kijiti. Rudieni mpaka kidole kisisubiri kichwa.

Chumba. Sebule yenye nafasi tupu ya mita 3 kwa 3 inatosha kuanzia, ila 4 kwa 5 ni raha zaidi. Sogezeni meza ya kioo, zimeni feni, fungeni madirisha, na mapazia yafungwe kamba pembeni, kwa sababu helikopta ikiwa karibu hewa huivuta nguo ya pazia kuelekea kwenye mapanga. Vyombo vya kabatini viko salama, TV pia haivunjwi na mapanga haya. Wasiwasi wangu ni macho. Arushaye na kila aliye chumbani avae miwani. Ile ya plastiki isiyo na rangi wanayovaa mafundi wa kusaga vyuma inatosha kabisa. Nywele ndefu zifungwe nyuma, khanga isining'inie begani, na mtu yeyote asijaribu kuidaka mkononi. Paka na kuku watoke.

Sakafu. Msirukie juu ya zulia. Nyuzi zake huingia kwenye shafti ya mkia (kile kifimbo kinachozungusha kipangaboi) na kujisokota pale. Kwenye vigae vitupu nako panga hukwaruza au kuvunjika ncha. Tandaza boksi lililofunguliwa, walau sentimita 40 kwa 40, liwe uwanja wa kupaa na kutua.

Kuwasha. Iweke chini ikiwa bapa, washa swichi ya helikopta, kisha usiiguse kwa sekunde tano hivi. Ndani kuna jairo, kifaa kinachohisi mwili ukigeuka, nayo inajipima, na ukiitikisa wakati huo itaamini kwamba mwelekeo wa kutikiswa ndio kusimama, halafu itazunguka yenyewe hewani. Kisha washa rimoti, pandisha kijiti cha kushoto mpaka juu na ukirudishe chini. Modeli nyingi haziitikii kabla ya hapo.

Chaji mbili za kwanza ni za kijiti cha kushoto tu, cha kulia usikiguse. Ongeza polepole mpaka miguu iwe myepesi, kisha usikawie hapo: endelea mpaka nusu mita au mita moja. Chini ya sentimita 20 hewa inayosukumwa na mapanga hugonga sakafu na kurudi juu ovyo, helikopta inateleza huku na huku kama iko kwenye mafuta. Wengi hukata tamaa hapo kwa kudhani wao ndio wabovu, kumbe walichohitaji ni kupanda tu kidogo. Kushuka vilevile: punguza taratibu, na ikibaki sentimita 10 kata.

Ikikaa hewani na pua ikawa inageuka polepole upande mmoja, tumia kile kigurudumu kidogo cha trimu. Inageukia kushoto, zungusha trimu kulia, kidogokidogo, huku ikiwa juu ya nusu mita. Usiirekebishe ikiwa karibu na sakafu, utadanganywa na ule upepo.

Nitaongeza mazoezi ya kugeuka na kwenda mbele hapa chini. Maswali yaanze.

Mama_Njiro

Asante sana kaka Fundi. Naomba kuuliza mawili. Mtoto wa miaka sita anaweza kuachiwa hii? Na kwa nini asubuhi inakata mawasiliano lakini jioni inaruka vizuri, chumba kilekile, betri zilezile?

Solda_Majengo (Moshi)

Dada, naanza na la pili. Rimoti za aina hii hazitumii redio, zinatumia mwanga wa infraredi, sawa na rimoti ya TV. Jua nalo lina infraredi nyingi. Likiingia dirishani na kumulika helikopta, kile kijicho cha kupokelea kinazidiwa. Dirisha linalotazama mashariki litakusumbua asubuhi, la magharibi jioni. Hamia upande wa kivuli, au funga pazia zito na urushe mbali nalo.

Kuna mengine yanayoleta dalili hiyohiyo. Umbali salama ni mita tano au sita hivi. Boksi likisema kumi, usiliamini sana. Kidole kikiziba kile kioo cheusi mbele ya rimoti, mawasiliano yanakatika. Helikopta ikipita nyuma ya kochi, yanakatika. Betri za rimoti zikichoka, masafa yanapungua kabla hata taa haijafifia. Nyingi hutumia betri sita za AA za volti 1.5, jumla volti 9. Ukiweka za kuchaji za volti 1.2 jumla inakuwa 7.2, na baadhi ya rimoti zinadhoofika.

Kujua kama rimoti inatoa mwanga: elekeza mbele yake kwenye kamera ya simu, ya selfi ni bora kwa sababu ya nyuma mara nyingi huchuja infraredi. Pandisha kijiti. Utaona vitaa vinamulika kwa rangi ya zambarau au nyeupe. Visipoonekana kabisa, shida iko kwenye rimoti, usifungue helikopta.

Na mkiwa wawili wenye helikopta mbili, hakikisheni swichi ya chaneli iko tofauti, mmoja A, mwingine B. Mkiwa wote A, kila rimoti inaziamrisha zote mbili.

Fundi_Kijenge (Arusha)

Kuhusu umri: maboksi mengi huandika miaka 8 na zaidi, mengine 14. Mtoto wa sita asiachiwe. Anaweza kukaa na miwani nyuma ya arushaye, umbali wa mita mbili, na kazi yake iwe kusema "kata". Anaijifunza vizuri mno kuliko watu wazima. Kuchaji kubaki kwa mkubwa, sio kwa mtoto wa umri wowote.

Pasua_Kwetu (Moshi)

Wakuu, helikopta inazunguka kama pia, trimu imefika mwisho na bado haitulii. Imetoka kuanguka kutoka juu ya kabati. Nianzie wapi?

Solda_Majengo (Moshi)

Mkuu, kwanza elewa kwa nini haizunguki ikiwa nzima. Mapanga ya juu yanazunguka upande mmoja, ya chini upande wa pili. Kila seti inataka kuupindua mwili kinyume chake, na nguvu hizo mbili zinafutana. Unapogeuza kijiti cha kulia, kompyuta yake ndogo inaongeza kasi ya mota moja na kupunguza ya pili, mwili unageuka. Kwa hiyo ikizunguka bila kukoma, seti moja ni dhaifu kuliko nyingine. Tafuta ipi, kwa mpangilio huu.

Zima swichi. Zungusha mapanga ya juu kwa kidole, halafu ya chini. Yote yazunguke laini, na uhisi mota inazunguka pamoja nayo. Seti moja ikizunguka kirahisi mno bila kuvuta mota, gia yake imekatika meno au ile gia ndogo iliyo kwenye ncha ya mota imepasuka na inateleza. Seti ikiwa nzito, kuna unywele au uzi kwenye shafti. Tumia kibano cha nyusi na lenzi, au piga picha kwa simu kisha uikuze.

Gia zikiwa nzima, tazama mapanga yenyewe. Ya juu na ya chini hayafanani, yamekatwa kinyume, na mara nyingi yana herufi A na B karibu na skrubu. Mtu akibadilisha panga lililovunjika akaweka A palipo B, linasukuma hewa vibaya na helikopta inazunguka au haipai kabisa. Ukingo mnene wa panga ndio unaotangulia linapozunguka. Na skrubu ya panga isikazwe mpaka mwisho. Panga liweze kucheza mbele na nyuma kwa uzito wake ukiinamisha helikopta, maana likizunguka linajinyoosha lenyewe. Likikazwa, helikopta inatetemeka na siku ikigonga kitu panga halikunji, linavunjika.

Mapanga yako sawa, gia ziko sawa, bado inazunguka: mota moja imechoka. Ni mota za brashi, vile vipande vidogo vinavyogusa na kupitisha umeme ndani ya mota, na brashi huisha kwa kutumika, haraka zaidi kama imewahi kunaswa ikaendelea kusukumwa, kama mkuu Fundi alivyosema juu. Mota za kubadilisha zipo, ila zinauzwa mbili tofauti, moja ya kila upande, kwa hiyo nenda na ile mbovu mkononi au na picha yake yenye rangi za waya. Kuibadilisha ni kufungua skrubu ndogo kwa bisibisi ya nyota ya saa, kunyofoa waya mbili, na kuunga mpya kwa solda. Ncha ya solda isikae zaidi ya sekunde mbili kwenye bodi, njia za shaba hapo ni nyembamba na hubanduka.

Pasua_Kwetu (Moshi)

Nimepata uzi umejisokota chini ya seti ya chini. Umetoka, inageuka vizuri sasa. Ila inachora duara hewani, haikai mahali pamoja.

Solda_Majengo (Moshi)

Hiyo ni fimbo ya juu au shafti. Fimbo yenye vizito hufanya kazi ya kuituliza: helikopta ikiinama, fimbo inabaki ikizunguka palepale na kupitia vifimbo viwili vya kuunganisha inayarudisha mapanga ya juu kwenye usawa. Inue upande mmoja kwa kidole na uiachie. Ishuke yenyewe bila kukwama. Ikikwama, kifimbo kimoja kimechomoka au kimebana kwenye kifundo chake. Kirudishe kwa kubonyeza kwa ukucha, usitumie koleo.

Fimbo ikiwa huru, chunguza shafti. Weka helikopta mezani, zungusha mapanga polepole kwa mkono, tazama ncha ya juu kabisa kwa ubavu. Ikichora kiduara, shafti imepinda. Kuinyoosha hakuleti raha, badilisha.

Chalii_wa_Sakina

Mkuu, panga likipasuka ncha si unapaka supagluu tu? Au seloteipu. Na nimesikia njia nyingine ya kujifunza: unafunga uzi wa mita moja kwenye mguu, unaushikilia chini, haiwezi kukimbia.

Fundi_Kijenge (Arusha)

Yote mawili hapana, chalii wangu, na nitakueleza kwa nini.

Gundi au seloteipu huongeza uzito upande mmoja. Mapanga hayo yanazunguka kwa kasi kubwa, kwa hiyo hata sehemu ndogo ya gramu kwenye ncha inaleta mtetemo unaokula beringi na kuikoroga jairo. Panga lenye mkwaruzo mdogo liache. Lenye ufa au ncha iliyoruka, badilisha, tena badilisha yote mawili ya seti ile ili uzito ulingane. Ufa mdogo ni hatari kuliko panga lililovunjika, kwa sababu kipande kinaweza kuruka wakati wowote.

Uzi nao ukilegea kidogo unanyonywa kuelekea kwenye mapanga na kujisokota kwenye shafti, mota zinakwama. Ukikaza, unaivuta helikopta iinamishe mwili, nayo inajitahidi kujisawazisha, mwanafunzi anajifunza kupambana na uzi badala ya kurusha. Ukitaka kuizuia isipande mno, tumia kidole chako. Bandika kipande cha karatasi ya manila pembeni ya kijiti cha kushoto, weka alama pale inapokaa hewani, na usivuke alama.

Ila alama hiyo haidumu. Betri ikiwa imejaa, inakaa hewani kijiti kikiwa karibu na nusu. Volti zikishuka, dakika tatu nne baadaye, nusu ileile inaiteremsha na lazima uongeze. Kijiti kikikaribia juu kabisa na bado haipandi, tua. Hiyo ndiyo saa ya kuchaji.

Sasa mazoezi yaliyobaki. Simama nyuma yake, mkia ukikuelekea, umbali wa mita moja na nusu. Ikiwa katika kimo cha kifua, gonga kijiti cha kulia kidogo upande wa kulia, iachie isimame, irudishe. Gonga na kuachia, usikandamize. Ukiweza kuigeuza robo na kuirudisha bila kimo kubadilika zaidi ya sentimita 20, nenda mbele. Kijiti mbele kidogo, kile kipangaboi cha mkia kinainua mkia, pua inashuka, inasogea. Kuisimamisha ni kuvuta kijiti nyuma kwa muda mfupi, maana ukiachia tu inaendelea kuteleza. Anza kuvuta ukiwa umebakiza mita moja kufika ukutani.

Helikopta hizi ni za chaneli tatu, yaani amri tatu tu: juu na chini, kugeuka, mbele na nyuma. Hazina uwezo wa kwenda ubavu. Ikielea kuelekea ukuta kwa upande, usihangaike na kijiti kulia au kushoto kana kwamba utaivuta irudi. Igeuze pua kutoka ukutani, kisha mbele. Usipopata nafasi, tua. Ukutani pia hewa huzunguka na kuivuta, na darini hivyohivyo: ikifika sentimita 30 kutoka kwenye siling bodi inanyonywa juu. Kwa hiyo usipandishe zaidi ya kimo cha macho yako.

Zoezi gumu kuliko yote ni pua kukuelekea. Ukigonga kulia, unaona pua inakwenda kushoto kwako. Helikopta haijakosea, ni wewe mmetazamana. Wengine hukariri "geuza kinyume", na wakishtuka wanasahau. Njia bora ni kugeuza kiwiliwili chako: mpe helikopta mgongo nusu, mabega yako yatazame inakotazama pua yake, uiangalie juu ya bega. Kulia inabaki kulia. Baadaye mwili hauhitaji tena kugeuka.

Mwalimu_Rau (Moshi)

Niongezee la kimo kutoka usawa wa bahari, maana linawachanganya wanaoleta helikopta kutoka Dar es Salaam. Moshi tuko mita 800 na kitu, Arusha mjini karibu mita 1,400. Kwa hesabu ya kawaida ya angahewa, hewa ya Moshi ni nyepesi kwa asilimia 8 hivi kuliko ya pwani, na ya Arusha kwa asilimia 13 hivi. Mapanga hubeba uzito kwa kusukuma hewa chini. Hewa ikiwa nyepesi, inabidi yazunguke haraka zaidi kubeba uzito uleule. Kwa Arusha ni karibu asilimia 7 zaidi. Matokeo yake kijiti kinakaa juu zaidi kuliko kilivyokaa Dar, mota zinapata joto zaidi, na muda wa kuruka unapungua kidogo. Helikopta si mbovu.

Ndiyo maana siungi mkono kuweka betri kubwa. Ya kawaida ni mAh 150 hivi (mAh ni kipimo cha umeme unaobebwa na betri). Watu huweka ya 240 au zaidi wakidhani watapata dakika nyingi. Gramu mbili tatu zilizoongezeka zinakula sehemu nzuri ya faida hiyo, na kwa huku juu akiba ya nguvu ya kupandia inakuwa ndogo mno. Ikianza kushuka haraka, hauna cha kuongeza.

Arusha kati ya Juni na Agosti kuna la ziada: asubuhi za baridi betri za lithiamu hutoa nguvu kidogo. Ikae mfukoni au mahali pa vuguvugu robo saa kabla ya kuruka. Isiwekwe juu ya jiko wala karibu na pasi.

Mama_Njiro

Asanteni. Chaja sasa. Waya wa USB uliokuja nayo una taa nyekundu, karatasi imeandikwa Kichina. Taa ikiwaka ndiyo inachaji au imejaa?

Solda_Majengo (Moshi)

Zinatofautiana, ila kuna njia ya kujua. Chomeka waya kwenye USB bila helikopta. Hali utakayoiona, taa imewaka au imezima, kwa kawaida ndiyo hali ya kujaa. Kisha unganisha helikopta iliyochoka: taa itabadilika, hiyo ni kuchaji.

Hizi za mAh 150 huchukua dakika 40 mpaka saa moja na kukupa dakika sita hadi nane za kuruka. Ikitoka kuruka iache ipoe dakika kumi kwanza. Betri moto haichajiwi, na mota nazo zinahitaji mapumziko. Chajia juu ya kigae au sahani ya udongo, mbali na godoro, kochi na pazia, na uwepo mtu mwenye macho. Usiku mkilala, chomoa. Swichi ya helikopta iwe imezimwa.

Kuna rimoti zenye waya wa kuchajia ndani yake. Hufanya kazi, ila zinamaliza betri za AA haraka sana, afadhali USB. Umeme ukikatika mnaweza kutumia pawabenki, ila nyingi hujizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo, kwa hiyo tazama kama taa bado iko kwenye hali ya kuchaji.

Kwa wanaopata helikopta kwenye mitumba bila chaja: usiunge volti 5 za chaja ya simu moja kwa moja kwenye betri. Seli ya lithiamu ya volti 3.7 hujaa kwenye 4.2, na ikipitishwa hapo inavimba na inaweza kuwaka. Ule waya wa USB una sakiti ndogo inayosimamisha kwenye 4.2. Nunua waya wenye sakiti hiyo na plagi inayoingia, kisha hakikisha kwa mita ya kupimia volti kwamba chanya na hasi ziko upande mmoja na zile za helikopta. Isiyo na rimoti usinunue, labda uwe na ya modeli ileile. Chaneli A ya kampuni moja haizungumzi na ya kampuni nyingine.

Chalii_wa_Sakina

Na ikikaa miezi bila kurushwa?

Solda_Majengo (Moshi)

Isihifadhiwe ikiwa tupu. Seli ikishuka chini ya volti 3 na kukaa hivyo, haipokei tena chaji vizuri. Wala isihifadhiwe imejaa. Ichaji ijae, irushe dakika tatu, zima swichi, weka mahali pa baridi na pakavu. Hapo inakuwa kwenye volti 3.8 hivi. Kila baada ya miezi miwili mitatu ipe chaji ya dakika kumi.

Pasua_Kwetu (Moshi)

Iliyovimba tayari je? Hapa takataka zetu tunachoma shimoni nyuma ya nyumba.

Solda_Majengo (Moshi)

Shimoni hapana kabisa mkuu, itapasuka na moshi wake ni sumu. Usiitoboe wala kuibonyeza irudi bapa. Kata waya wake mmoja kwanza, funika ncha kwa teipu ya umeme, kisha kata wa pili na ufunike nao. Ukikata mbili kwa pamoja, mkasi unaziunganisha na kutoa cheche. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje, kivulini, watoto wasipofika. Kisha ipeleke kwa fundi simu anayekusanya betri mbovu kwa ajili ya wanunuzi wa taka za kielektroniki, na umwambie imevimba kabla hujamkabidhi.